Bwana Mkubwa na Bi Harusi

Ukienda kwa Mzee Saa siku ya Jumapili utakula ukashiba, na kabla hujanawa mikono utakuwa umeshahadithiwa habari za samaki. Ufundi wa saa aliuacha macho yalipoanza kumgomea, ila jina lilimganda. Mkewe alipofariki, sebule ilimwelemea kwa ukimya, akanunua tangi kubwa la kioo akaliweka pale palipokuwa na cherehani ya marehemu. Ndani yake akatia samaki malaika wawili, wale wembamba kama sahani iliyosimamishwa wima, wenye mapezi marefu juu na chini na milia myeusi ubavuni. Ni samaki wa maji baridi, tena wanadeka. Maji ya bomba hawayataki mpaka yalale kwenye pipa kwanza, ile dawa ya kuulia vijidudu ipungue. Mzee aliwahudumia kwa upole ambao mwanawe hakumbuki kama yeye aliwahi kuupata.

Yule mkubwa mwenye paji la uso lililotuna alimwita Bwana Mkubwa. Yule mdogo akamwita Bi Harusi. Muuza samaki alikuwa amemwonya kwamba hawa hawatambulikani dume na jike kwa kuwatazama tu, mpaka siku watakapotaga, maana sura na rangi ni zile zile. Mzee akacheka. Akasema yeye ameoa, amezaa na amezika, leo ashindwe kumtambua mwanamume? Basi ndoa ikafungwa pale pale dukani, bila kuwauliza wahusika.

Na kutaga walitaga. Walilisugua bomba la chujio kwa midomo yao mpaka likang'aa, kisha ukirudi unakuta mayai yamepangwa juu yake mistari kwa mistari, madogo kama chenga za mchele. Wote wawili wanasimama ulinzi, wanayapepea kwa mapezi, na anayesogeza kidole kwenye kioo anatishiwa. Lakini siku mbili tatu zikipita, yale mayai hugeuka meupe, yanaota ukungu, na wale wale waliokuwa wakiyalinda wanayala. Ilitokea hivyo mara ya kwanza Mzee akasema ni ugeni. Ikatokea tena na tena. Akapunguza mwanga, akabadilisha maji, akalisogeza tangi mbali na dirisha, na mayai yakaendelea kuoza. Hapo akaanza kumtafuta mkosaji, na hakwenda mbali kumtafuta.

"Bwana Mkubwa anafanya kazi yake," alisema Jumapili moja, mdomo umejaa chakula. "Mnamwona wenyewe alivyo na siha. Tatizo ni huyu bibi. Shamba likiwa bovu, utalilaumu jembe?"

Kinyozi wa mtaa wa pili, rafiki yake wa kula na kucheka, alicheka mpaka akapaliwa. Mezani palikuwa pia na dada yake Mzee, ambaye wote walimwita Shangazi, na mwana wa pekee wa Mzee, kijana aliyekuwa akichonga vioo katika duka la miwani mjini, ndiyo maana hata nyumbani wakamwita Miwani. Pembeni yake alikaa mkewe, Mwalimu, anayefundisha hesabu shule ya msingi. Ndoa yao ilikuwa na umri wa kutosha watu kuacha kuuliza "bado tu?" na kuanza kumtazama Mwalimu tumbo kila anapoingia mlangoni.

Nisije nikamtetea Mzee kwa kisingizio kwamba alikuwa anaongea habari za samaki. Alijua anamwambia nani. Wapiga mafumbo huwa hivyo: ukiwabana wanasema wao walikuwa wanamsema kuku, na ukinyamaza wanaongeza.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Shangazi akamwambia Mwalimu kwa huruma, akimwekea kipande kingine cha nyama. "Kama kuna kitu, kisemeni. Hospitali zipo."

"Ahsante, Shangazi," Mwalimu akajibu.

Miwani alikuwa anaitazama sahani yake kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Masikio yalikuwa yamemwaka moto. Aliona aibu, na aibu yake haikuwa ya kumwonea mkewe uchungu tu. Alijiona mwenyewe amekaa pale, mwanamume mzima mwenye mdomo na meno, akimwacha mwenzake apigwe mawe yaliyokuwa ya kwake.

Kwa sababu hospitali walikwisha kwenda. Daktari aliwakalisha wote wawili, hakuzunguka. Mke hana kasoro yoyote. Mume ndiye asiyeweza kuzaa, na dawa ya hali yake haipo. Walitoka nje wakakaa kwenye benchi chini ya ukuta wa duka la dawa, Miwani akamshika mkewe mkono akamwambia, "Nisitiri kidogo. Nitamwambia Baba mimi mwenyewe. Nipe muda tu." Alikuwa analia alipokuwa anasema hivyo. Mwalimu akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akasema sawa, muda upo.

Ule muda ukazaa miezi, miezi ikazaa vijembe. Kila Jumapili Miwani alikwenda kwa baba yake na maneno yamepangwa kichwani, akarudi nayo jioni yakiwa vile vile. Mkewe alimpenda, hilo alilijua. Ila mdomo wa baba yake aliuogopa tangu utotoni, na mtu akishazoea kuogopa kitu anakiona ni adabu.

Siku ile ya jembe na shamba mambo hayakuishia mezani. Baada ya kula Mzee alichukua kiwavu, akamwinda Bi Harusi kwa subira mpaka akamnasa, akamtia kwenye ndoo yenye maji ya tangini. Akaja nayo hadi alipokaa mkwewe.

"Mwanangu, mchukue huyu," akasema. "Mimi nitamtafutia Bwana Mkubwa mwenzi mwingine, muuza samaki ameniahidi. Nyumba yenu imezidi ukimya. Kaeni naye, huenda mkaelewana."

Safari hii Kinyozi hakucheka. Aliinama akafunga upya kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Shangazi alisema "Kaka," kisha akaishia hapo hapo. Mwalimu aliipokea ndoo kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, akasema, "Ahsante, Baba." Njia nzima ya kurudi aliipakata magotini, mkono mmoja juu ya kifuniko maji yasimwagike.

Nyumbani aliiweka ndoo kwenye meza ya jikoni. Akajaza maji ya bomba kwenye beseni kubwa ayaache yalale, akakoroga kidogo kwa mwiko kama alivyomwona Mzee akifanya. Miwani alisimama mlangoni anamtazama. Katika maneno yote ambayo Mwenyezi Mungu amewapa binadamu, yeye akachagua haya:

"Baba hakuwa na nia mbaya."

Mwalimu akaweka mwiko chini.

"Nimepewa samaki tasa mbele za watu," akasema. Hakupandisha sauti. "Nimeambiwa nikae naye tuelewane. Wewe ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka kwangu, unatafuna."

"Nilikuwa nataka kusema."

"Najua. Kila wiki unataka kusema. Mimi nilikubali kukusitiri kwa sababu ulilia, na kama ungeniomba nikusitiri maisha yetu yote labda ningekubali pia. Lakini uliniomba muda kidogo. Hukuniomba niwe jalala la kwenu."

Miwani alijaribu kumsogelea. Mwalimu akachukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa kavu.

"Jumapili ijayo utasema," akaendelea. "Usiposema, ile nyumba mimi siiendi tena, na hii nayo sijui kama nitarudi. Dada yangu ana chumba. Sikutishi. Nimechoka."

Wiki ile Miwani aliharibu vioo dukani mpaka mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Akijaribu kujipa moyo anasema ni sentensi moja tu, watu wanasema makubwa zaidi ya hayo. Akiikariri chooni inatoka vizuri. Akimfikiria Kinyozi amekaa pale na meno yake yote nje, inakwama. Na nyumbani hali haikuwa ya ugomvi, ingekuwa afadhali. Mwalimu alimpikia, akamjibu alipomsalimu, akamlisha Bi Harusi kwa vidole, na usiku akalala ameelekea ukutani. Yule samaki alikula vizuri. Alishazoea kuja juu akimwona Mwalimu, na Miwani akisogea anakwenda kujibanza upande wa pili wa beseni. Alijua ni upuuzi kumwonea samaki aibu, lakini alimwonea.

Jumapili ikafika. Walipoingia, Bwana Mkubwa alikuwa peke yake tangini, anazunguka zunguka kwenye bomba la chujio, analisugua kwa mdomo. Mzee alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri harusi.

"Mnamwona?" akasema wakati Shangazi anapakua. "Anaandaa nyumba. Mwanamume wa kweli hangoji mke afike ndipo aanze kufagia. Mwali mwenyewe anakuja wiki ijayo, nimeambiwa ni mbegu safi kabisa." Akamgeukia mkwewe. "Na yule wako anaendeleaje? Mnaelewana?"

"Tunaelewana, Baba," Mwalimu akasema.

Akamtazama mumewe. Miwani akavuta pumzi. Sasa, alijiambia, sasa hivi, na hakika mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini Kinyozi akamtangulia. Alikuwa amekaa karibu na tangi kuliko wote, kijiko mkononi.

"Mzee," akasema, "hicho kinachomning'inia Bwana Mkubwa hapo tumboni ni kitu gani?"

Mzee akainuka na leso yake ya mezani bado shingoni. Wakasogea wote isipokuwa Mwalimu. Chini ya tumbo la Bwana Mkubwa palikuwa pamechomoza kijibomba kifupi butu, naye alikuwa anapanda taratibu ameligusisha bomba la chujio, na kila alipopita aliacha nyuma yake mstari wa vijipunje vyeupe kidogo, vinavyopitisha mwanga. Akashuka, akaanza mstari wa pili kando ya ule wa kwanza. Alifanya kazi yake bila haraka, na wala hakujali anatazamwa.

Shangazi ndiye aliyelisema.

"Bwana Mkubwa anataga."

Kinyozi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Shangazi akaficha uso kwenye upande wa kanga yake, mabega yanamtikisika. Mzee akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Jike lilikuwa linaongeza mstari wa tatu. Hatimaye na yeye akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeanguka njiani na kukuta watu wanamtazama.

"Kumbe wote majike," akasema. "Majike mawili yameshika nyumba, yanataga kwa zamu, na mimi nalaumu. Siku zote hizo humu ndani hapakuwa na dume."

Mwalimu alimgeukia mumewe. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, na Miwani alijua kwamba mlango kama ule hautafunguliwa tena: watu wamelainika, baba yake ameshaanguka mwenyewe, sentensi yake ingepita katikati ya kicheko na pengine isingemuumiza mtu sana. Akafungua mdomo.

"Naomba maji," akasema.

Mwalimu akammiminia. Akajaza bilauri mpaka juu, akalirudisha jagi mahali pake, akamsogezea kwa mkono wa kulia. Miwani akayanywa yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Niwaambie, nimeona watu wakifumaniwa na nimeona watu wakifukuzwa kazi, lakini mtu anayekunywa maji asiyoyataka mbele ya mkewe sijamwona mfano wake.

Mzee hakumaliza chakula. Alitoka nje kwa mlango wa nyuma, na baada ya kitambo akaita, "Miwani, njoo." Walisimama kando ya pipa la maji ya samaki. Mzee alikuwa ametumbukiza mkono anayakoroga, ingawa hayakuhitaji kukorogwa.

"Nimemwonea yule samaki," akasema.

"Ni samaki, Baba."

"Si samaki peke yake, na wewe unajua." Alikuwa anaongea akitazama maji. "Nimemtupia mkeo maneno. Nilikuwa najiambia ni utani. Mama yako angekuwepo angenifunga mdomo siku ya kwanza. Ile ndoo... nilipomuona anaipokea kwa mikono miwili, roho ilinisuta. Nikajifanya sikuona. Sasa nitaingia ndani nimwombe radhi, mezani pale pale nilipomsemea. Shangazi yako asikie na yule mpuuzi mwenye kijiko naye asikie."

 Miwani alikuwa amejiandaa kwa baba mwenye vijembe. Huyu mwenye haya, aliyekosa kwa kutojua na bado akawa tayari kuinama mbele za watu, hakumtarajia, na kusimama karibu naye kulimchoma kuliko tusi. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Baba, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Asiyezaa. Tulipimwa. Mwenzangu hana tatizo. Ni mimi, na haina dawa."

Mkono wa Mzee ukatulia ndani ya pipa. Alimtazama mwanawe, na Miwani akaona macho ya baba yake yakijaa, jambo ambalo alikuwa ameliona mara moja tu, siku ya maziko. Mzee akautoa mkono, akajifuta kwenye suruali, akatazama mlangoni, akamsogelea.

"Nani anajua?" akanong'ona.

"Mke wangu, daktari, na sasa wewe."

"Basi liishie hapa. Unanisikia? Shangazi yako usimwambie, yule hana kifuniko. Na Kinyozi ndiyo kabisa, huyo atalisambaza pamoja na nywele za watu. Wewe ni mwanangu. Mambo ya ndani hayatolewi nje."

"Na yeye?"

"Mkeo ana busara. Amevumilia mpaka leo, atavumilia. Mimi sitamtania tena, na atakayemtania nitamkanya. Tutasema ni mipango ya Mungu, watu watachoka wenyewe."

Ilimwingia Miwani kama faraja. Siwezi kuficha hilo. Kwa kitambo kidogo alisikia mwili mzima unalegea kwa raha, kwamba amesema na bado hakuna kitakachobadilika. Kisha akageuka akamuona mkewe amesimama kwenye kizingiti, sufuria la kuoshea vyombo mkononi, amekuja kuchota maji. Alikuwa pale muda wa kutosha.

"Baba," Mwalimu akasema, kwa ile sauti ya kumwelekeza mwanafunzi aliyekosea hesabu ambayo angeweza kuipata. "Ya kwangu yalisemwa mezani. Ya kwake mbona yanasemwa nyuma ya nyumba?"

 Mzee akainama. Mwalimu akaliweka sufuria chini kwa uangalifu, akaingia ndani, na kupitia mlangoni Miwani akamuona anautoa mkoba wake kwenye mgongo wa kiti na kuutia begani.

Alimfuata. Hakupanga lolote, hata ile sentensi aliyoikariri wiki nzima ilikuwa imemtoroka. Sebuleni Kinyozi alikuwa amekaa anafuta machozi ya kicheko, tangini yule jike anapepea mayai yake yasiyo na baba. Shangazi alikuwa jikoni. Miwani akajisimamisha katikati ya chumba, kati ya meza na mlango wa kutokea.

"Nisikilizeni," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikambidi aanze tena. "Mke wangu hana tatizo. Tulikwenda hospitali wote wawili, tukapimwa. Asiyeweza kuzaa ni mimi. Nimejua siku zote, na nimekaa hapa kila Jumapili nikawaacha mnamsema yeye."

Kinyozi akaikunja leso yake, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo. Hakucheka, na Miwani aligundua kwamba angependa acheke. Mzee alikuwa amefika mlangoni, akabaki pale pale ameegemea mwimo, uso umemshuka. Jasho lilikuwa linamchuruzika Miwani ubavuni ndani ya shati. Alitaka sakafu ipasuke imfiche, na wakati huo huo akashangaa kwamba bado amesimama, na kwamba viti bado viko mahali pake.

Shangazi akatokea jikoni na sinia la matunda yaliyokatwa. Akamtazama mmoja mmoja.

"Mbona kimya hivyo?" akauliza. "Kuna msiba?"

 Mzee alikohoa. Miwani akamtazama mkewe kwa yale macho ya siku ile kwenye benchi la duka la dawa, macho ya kuomba, maana alidhani amemaliza, na kusema mara moja kulikuwa kumemkausha kabisa. Mwalimu aliyaona. Akauteremsha mkoba begani, akavuta kiti, akaketi, akauweka mkoba magotini na kuushika kwa mikono miwili.

"Mwambie na Shangazi," akasema.

Shangazi akatua sinia mezani, akangoja. Miwani akamgeukia, akaanza upya.